Maiti Anapumua

Rumonge, 12 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Amahoro. Naandika nikiwa nimeketi kwenye kitanda changu mwenyewe, juu ya shuka za maua ambazo mume wangu alizichagua bila kuniuliza na akapatia. Nimeandika "mume wangu" na imebidi nisimamishe kalamu nilitazame neno lenyewe. Unisamehe, utalikuta mara nyingi humu.

Sisi ni wazima. Mama anakusalimu kutoka Nyanza-Lac. Mihogo yake imepona ule ugonjwa wa majani, na kanisani wamemfanya kiongozi wa akina mama, kwa hiyo siku hizi hashikiki. Nami nimekubali maneno yako kwamba simu na masikio yako vimeshaachana. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za goti ukanijibu habari za mbuzi. Basi nitaandika, na Mama Cibalonza atakuletea akienda kuuza samaki huko kwenu. Anavuka mpaka wa Mugina kila akipata gari, ila gari lenyewe ni la kubahatisha, maana petroli haipatikani. Nimempa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na chupa ya mawese mapya ya Kizuka, mekundu kabisa.

Shangazi, nikuambie nini juu ya Bienfait. Ana shingo ndefu. Akicheka, kwanza mabega yanatangulia, kisha sauti inafuata, kama mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia. Asubuhi ananiletea chai kitandani na kusema, "Sheri, mupenzi, amuka, jua imekutafuta mu dirisha imekukosa." Ni Mkongomani wa Fizi, alikuja huku mtoto. Kila neno lake nalitamani hata likiwa limepinda. Jana alininunulia kitana. Kitana tu, Shangazi, nikakaa nacho mkononi kama nimepewa nchi. Kazi yake ni kutafsiri.

Sasa neno lenyewe. Kwetu, kama unavyojua kuliko mimi, mugeni, yaani bibi-arusi, hatoki nje kuonwa na watu wala hashiki mwiko wa jikoni mpaka shangazi yake aje amtwikurure, amfunue mbele ya wakwe. Wewe ndiye shangazi wangu pekee. Mama mkwe, Mama Kabibi, desturi hii haikuwa yake na imeshamchosha. Anapika yeye, anafagia yeye. Juzi alisimama mlangoni na sufuria: "Mie niko nazeeka, na bibi-arusi iko tu nakaa kama picha ku ukuta. Huyo tantine yako atakuya siku gani?" Nikamwambia hivi karibuni. Naomba usinifanye mwongo. Harusi uliikosa kwa sababu ya goti, hili usilikose.

Mwanao mwenye furaha isiyo na adabu,
Irakoze

*

Kasulu, 16 Februari 2025

Irakoze mwanangu,

Barua yako imefika inanuka samaki, nimeisoma nikiwa nimeishika juu ili paka asiile. Huku tuko salama. Mzee Wenceslaus alipata homa, akaagana nasi wote, akausia na baiskeli, kisha kesho yake akaomba uji. Mjukuu wangu Evangelina amefaulu na ameanza sekondari. Mvua imenyesha vizuri. Ndagala tumezila na hazikulala ndani.

Nimefurahi kwamba una furaha. Shingo ndefu si kosa. Mwanamume anayeleta chai kitandani mshukuru Mungu na umkate kucha, maana tabia hiyo ikikomaa atataka kujua umelala kwa nini.

Kutafsiri ni kazi ya heshima. Anatafsiri wapi? Mahakamani? Kwa wageni wanaokuja na magari meupe? Hukusema. Msichana anayejaza ukurasa kwa mabega ya mume wake na mstari mmoja kwa kazi yake ana jambo. Mimi nilikuwa msichana kabla yako.

Kuhusu kuja. Mahindi yanataka palizi, na nyani wa huku hawajui kwamba nina harusi. Goti nalo halijaamua. Rumonge ni mbali. Kwani hakuna mwanamke mwingine wa ukoo aliye karibu? Tutaona mwezi wa nne. Mwambie mama mkwe wako kwamba picha ukutani haili sana, ashukuru.

Mawe ya njia yakupishe,
Shangazi Clotilda

*

Rumonge, 9 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Mama Kabibi nimemsomea ile ya picha haili, akacheka mpaka akakaa chini. Amesema mwanamke huyo aletwe hata kwa machela. Sisi ni wazima, isipokuwa ziwa limepanda tena, na nyumba za kule chini zilizokuwa zimeachwa sasa zina samaki sebuleni. Kwetu hapa ni pakavu. Mama naye ni mzima.

Umenikamata, Shangazi, na kwa kuwa umenikamata kwa upole nitasema yote.

Mume wangu anatafsiri filamu. Ndani ya sine, karibu na soko, anaketi pembeni ya skrini na mikrofoni, filamu inasema lugha yake na yeye anawaambia watu kinachosemwa. Huku tunaita agasobanuye. Mara nyingine lugha yenyewe haijui, basi anawapa watu wale majina ya hapa Rumonge na kuwatungia maneno. Na filamu anazozipenda kuliko zote, shika kiti, ni zile za kutisha za bei rahisi. Zile mbaya. Zile ambazo zimwi limevaa viatu vya raba, kichwa kinachokatwa unaona kabisa ni boga lililovikwa wigi, na mtu anatapika kijani mpaka unajiuliza jikoni kwao wamebakiza nini.

Usikunje uso. Mimi nilikunja kabla yako. Siku ya kwanza niliingia mle kumtafuta rafiki yangu Esperance, aliyekuwa na ufunguo wetu. Wavuvi wamejaa, akina mama wa ndagala wamejaa, na kwenye skrini dubwana limemtapikia bwana harusi suti nzima. Watu wote walisema "eee" wakafunika macho. Mimi nikacheka, peke yangu, kwa sauti. Bienfait akaacha kutafsiri, akasema kwenye mikrofoni, "Ule mwenye kucheka huko nyuma asitoke. Mie nataka kuona sura yake." Ndivyo nilivyopata mume, Shangazi. Wengine wanapatana kwenye kwaya.

Nimejiuliza sana kwa nini nazipenda, maana mwalimu wetu wa fasihi angelia. Nadhani ni hivi. Filamu nzuri inakudanganya vizuri, na unatoka umebaki peke yako na huzuni yake. Hizi zinakudanganya vibaya. Uzi unaonekana. Kila aliyemo ndani anajua, na hapo mama wa ndagala anamgusa asiyemjua begani na kusema, "Umeona uzi?" Wanacheka pamoja kama waliokula sahani moja. Na kitu kile unachokiogopa, kuoza, minyoo, matumbo nje, kinaletwa mbele yako kikiwa kimetengenezwa kwa bugali. Unakitazama mpaka kinaona aibu.

Sasa wametengeneza ya kwao. Bienfait na rafiki yake Hubert, kinyozi mwenye simu nzuri. Inaitwa *Wafu Wanatafuta Nyumba*. Ziwa limeingia makaburini, wafu wamelowa, wanapanda mjini kutafuta chumba cha kupanga. Hubert ni mwenye nyumba. Wao wananing'inia ngozi, yeye anawauliza wanasali kanisa gani. Wanaketi, wananywa chai, sikio la mmoja linadondoka kikombeni, na Hubert analitoa na kijiko akiuliza, "Nani amepoteza kitu?" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ubongo ni bugali wa muhogo. Makamasi ni bamia, na hakuna makamasi duniani yanayoishinda bamia. Matapishi ni maharagwe na mchicha wa lengalenga. Damu ni mawese, ndoo nzima, kutoka kwa mjomba wa Hubert kule Kizuka.

Na mimi nimecheza. Najua, najua. Sijafunuliwa, na mugeni hatakiwi kuonwa. Lakini mwenye sehemu ya maiti wa kike aliugua malaria siku ile ile, na mimi nikafikiri sana nikaona njia. Nilipakwa unga wa muhogo uso mzima, matope juu yake, na mawese mdomoni. Nani ataniona? Aliyetoka nje si mimi, ni maiti. Nililala kwenye tope mlangoni mwa zile nyumba zilizozama, Bienfait akapita juu yangu na kamera, akaninong'oneza, "Weye ndiye mufu muzuri kuliko wote." Nadhani hakuna mwanamke aliyewahi kuambiwa neno tamu kama hilo.

Uliuliza kama hakuna mwanamke mwingine wa ukoo. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ninyi mlibaki wawili tu. Hakunieleza zaidi. Kwa hiyo ni wewe, au nitazeeka sijashika mwiko. Nimetuma tena mawese, mapya zaidi ya yale.

Wako,
Irakoze

*

Rumonge, 20 Aprili 2025

Shangazi,

Leo ni Pasaka, nakutakia heri. Mama Cibalonza alirudi juma lililopita mikono mitupu. Anasema alikukabidhi barua mwenyewe, ukaisoma ukiwa umesimama uani, ukaikunja, ukamkaribisha chai, na alipokuuliza majibu ukamwambia maharage ya mwaka huu ni mazuri.

Labda hukuwa na wakati. Labda goti. Huku tunajiandaa, Mama Kabibi ameshanunua vikombe vipya kwa ajili yako na amekataza mtu yeyote kuvinywea. Kila jioni Bienfait ananiuliza, "Tantine amesema nini?" nami nasema barua iko njiani. Hata mabega yake yamepoa.

Niambie nilipokosea. Hata kwa mstari mmoja.

Irakoze

*

Kasulu, 4 Mei 2025

Irakoze,

Salamu kwenu nyote. Mzee ni mzima. Evangelina ni mzima. Maharage tumeanika.

Nimekaa na barua yako muda mrefu kwa sababu kila nilipoanza kujibu niliandika maneno ambayo shangazi hamwandikii mtoto wa kaka yake. Sasa nitaandika machache.

Mugeni hafunuliwi kwanza akiwa maiti. Umetoka nyumbani hujafunuliwa, ukalala matopeni, ukapakwa unga kama anayeandaliwa, watu wakapita juu yako wakicheka. Huo unga haukukuficha. Anayelala namna ile mlangoni anaonekana kuliko anayetembea.

Ninyi mmekuta Rumonge ni soko na sine. Mimi nilizaliwa Kizuka, ndani ya hiyo michikichi yenu. Juu ya filamu sina la kusema, sijaiona. Juu ya damu ninalo na sitalisema.

Mawese usinitumie tena. Ya kwanza nilimpa jirani, ya pili nikampa huyo huyo. Simpi kwa wema. Sijawahi kuyapikia tangu nilipovuka mpaka mwaka ule wa sabini na mbili, nikiwa mtoto wa miaka tisa, na mzee wangu hajawahi kuniuliza sababu. Ndiyo maana tumekaa naye miaka yote hii.

Sitakuja. Si goti. Mwombe mchungaji akuombee, ushike mwiko wako, mama mkwe apumzike. Mungu hataangalia ni nani aliyekufunua. Mumeo simchukii. Mtu anayecheka na matumbo ya watu huenda hajawahi kuyaona, na mimi nisingemtakia ayaone.

Clotilda

*

Rumonge, 25 Mei 2025

Shangazi yangu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa karatasi haionyeshi. Nyumbani ni wazima wote.

Nilisoma barua yako nikalia. Siendelei na hilo, maana machozi yangu ni ya mtu aliyelala kwenye tope la kupakwa, nayo hayana haki ya kukaa karibu na yako. Naomba radhi. Nilifikiri desturi ni uso kuonekana au kutoonekana. Sikufikiri nimelala wapi. Nimekulia hadithi za kurudi nchini, za kupimiwa shamba, za shule kutufundisha kwa Kirundi wakati sisi tulijua Kiswahili. Za kuondoka hakuna aliyenipa, na sikuuliza. Sikuombi unipe.

Lakini kuna mahali umekosea, na nitakuambia kwa sababu ni mume wangu na kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kutomwacha mtu asiyekuwepo asemwe peke yake.

Bienfait aliikuta barua mezani. Nilitaka kuificha, akasema, "Acha, ni ya kwetu wote." Akaisoma polepole, maana Kiswahili chako ni kirefu kwake. Alipofika pale kwenye matumbo ya watu akaacha, akatoka, akaenda kuketi kwenye ngazi ya nyuma. Mama Kabibi alimwona, akaja akaniambia, "Umwendee. Mie nikienda atanyamaza." Nikaenda. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilikaa karibu naye bila kumgusa.

Aliniambia alikuwa na kaka aliyeitwa Lukeba. Hajawahi kulitaja jina hilo, na mimi nilidhani najua kila kitu chake mpaka kovu la kisigino. Kijijini kwao, kabla hawajavuka, walikimbia asubuhi, na Lukeba akaanguka njiani, na watu wakaendelea kukimbia. Bienfait alikuwa mdogo, mama yake anamburuta kwa mkono, yeye anatazama nyuma. Maneno yake nayaandika kama alivyosema: "Mie nilikuwa naangalia tumbo yake. Nilisema, ikipanda tu, nitamwambia mama turudi. Niliangalia mpaka njia ikakata kona."

Kisha akaniambia kwa nini anazipenda zile filamu mbaya. Hajawahi kumwambia mtu, anawaambia tu ni za kuchekesha. Alisema: "Ile filme ya feza mingi, mutu akikufa, amekufa kabisa. Mie siwezi kuiangalia, nazima. Lakini hizi za ovyo, mufu iko nalala pale, damu kila fasi, kichwa huku, na weye ukiangalia vizuri, tumbo iko napanda. Iko napumua. Hawawezi kuificha, hawana akili ya kuificha. Njo maana nazipenda. Kila mufu nimemuona pale iko napumua, na nikimaliza najua ameamuka, ameoga, amekula bugali na wenzake."

Shangazi, mimi nilikuwa nikimpenda kwa sababu ya mabega. Nilikuwa mtoto.

Sine ilikuwa imeshatangaza filamu yao, Hubert amebandika karatasi hadi stendi ya Bujumbura. Bienfait alikwenda akazibandua. Amesema haitaonyeshwa mpaka wewe useme, na ukisema ifutwe atafuta, Hubert atanuna kisha atazoea. Ameiweka kwenye kadi ndogo ya simu, nimeishonea kwenye kitambaa ili Mama Cibalonza asiipoteze. Evangelina atajua kuifungua. Huna lazima. Ukitaka itupe, tutajua umeitupa kwa haki.

Na safari hii nimetuma ndagala peke yake.

Mwiko sijaushika. Mchungaji ni mtu mwema lakini si dada wa baba yangu. Mama Kabibi ameacha kulalamika. Jana alinipikia, akaniletea sahani, akasema, "Kula, picha." Nitangoja, hata kama ni kungoja tu.

Wako,
Irakoze

*

Kasulu, 29 Juni 2025

Irakoze mwanangu, na Bienfait, maana sasa najua anasoma,

Salamu. Mzee Wenceslaus anawasalimu, amenunua kofia na anangoja mtu aiulizie. Mahindi yamekauka vizuri. Evangelina amekua ananipita kwa kichwa.

Kadi ilikaa kwenye kikapu cha vitunguu tangu Mama Cibalonza alipoileta. Nilikuwa nikipita naiona. Jumapili baada ya ibada nikamwita Evangelina nikamwambia, leta hiyo simu yako tumalize jambo. Nilikaa na mgongo ukutani, na mlango niliuacha wazi ili niweze kutoka.

Mwanzo sikuona kitu. Niliona rangi ile, nikafumba macho, na mtoto akaniambia, "Bibi, wala haitiririki kama damu, inateleza kama mafuta." Nikafumbua. Ni kweli, inateleza. Damu si hivyo. Niliposhika hilo nikaweza kutazama.

Mwenye nyumba wenu ni mjinga mwenye kipaji. Alipowauliza wale wafu kama wana tabia ya kukoroga matope, nilisikia kitu kimetoka kooni mwangu, na Mzee akaja kutoka uani kuuliza nani amekuja. Nilikuwa nacheka. Akachukua kigoda akakaa. Tulipofika kwenye bamia alisema hali tena mboga hiyo nyumbani kwangu, nikamwambia basi atakula upepo. Masikio yangu hayakushika maneno mengi, ila ubaya wa filamu yenu unaonekana hata kwa kiziwi.

Wewe nilikutambua mara moja. Unga haukuficha kitu, kama nilivyosema. Umelala mlangoni na unabana midomo usicheke, kama ulivyokuwa ukibana kanisani ukiwa mdogo nikikufinya.

Kisha nikamtazama yule aliyelala nyuma yako, kijana mwenye shati lililochanika. Sijui ni nani kwenu. Kamera inampita upesi. Nikamwambia Evangelina, rudisha. Akarudisha. Tumbo lilipanda. Likashuka, likapanda. Nikasema, rudisha tena. Mtoto hakuniuliza. Alirudisha mpaka simu ikaisha moto, na tukakaa hivyo watatu mbele ya kioo cheusi.

Bienfait, nilikuandikia neno baya, na wewe ulikuwa umeshaliona lile nililokuwa nikikutakia usilione. Samahani, mwanangu. Mie pia niliangalia nyuma. Njia yangu haikuwa na kona.

Onyesheni filamu yenu. Watu wacheke. Wengi wao watakuwa ni wa kwetu na wa kwenu, na kila mmoja ana mtu anayemtazama tumbo.

Nitakuja mwezi wa nane, tukishavuna. Mzee atanisindikiza na kofia yake. Irakoze atafunuliwa kama inavyotakiwa, mchana kweupe, uso umeoshwa, na Mama Kabibi atakabidhi mwiko mbele yangu. Kizuka mtanipeleka siku nitakayosema mimi, si kabla, na pengine sitasema.

Ila nina ombi, na si dogo. Mkitengeneza nyingine, nataka sehemu. Maiti sitaki, umri wangu hauruhusu mazoezi. Nataka mama anayesimama mlangoni jioni, chakula kimeiva, anawaita wafu waje kula. Wamelala uani, mmewapaka mnachotaka, hata mawese, nitavumilia. Majina ya kuwaita msiniandikie. Ninayo. Ni manne, ya kaka zangu watatu na dada yangu mdogo, na sijayatoa mdomoni tangu tulipovuka, hata mbele ya baba yako tulikuwa tukipitana nayo kama watu wawili kwenye njia nyembamba. Nitayaita kwa sauti kubwa, maana sauti yangu mwenyewe siisikii vizuri, nanyi mtaniwia radhi. Kila atakayesikia jina lake aamke, ajikung'ute, anawe mikono kwenye beseni, aje akae.

Na Bienfait, wakishindwa kujizuia wakaanza kucheka kabla sijamaliza kuita, usizime kamera.

Shangazi yenu,
Clotilda